Kutoka sanduku la negativu hadi stendi ya Nyegezi: namna ya kuandika na kuuza kitabu cha mpiga picha wa uchunguzi

Kitabu cha namna hii hakianzi na "nilizaliwa". Mpiga picha aliyezeekea Mwanza akifuatilia makokoro (nyavu za kukokota), mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara, zebaki ya wachimbaji wadogo wa Geita au mauaji ya watu wenye ualbino, akianza na kijiji chao na shule ya msingi, msomaji atafika ukurasa wa 40 hajaona kamera. Na kuna tatizo kubwa kuliko hilo. Kichwa hukumbuka ile picha moja iliyotoka gazetini, kikasahau nyingine 35 za mkanda uleule wa filamu. Uchunguzi wenyewe uko kwenye hizo 35: nani alikuwa amesimama nyuma, gari la nani lilikuwa limeegeshwa, ulifika saa ngapi, ulifukuzwa saa ngapi. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye sanduku, kalamu isubiri.

Sanduku kwanza

Kusanya kila kitu chumba kimoja: negativu, kontakti (karatasi zenye fremu zote za mkanda zikiwa ndogondogo), CD, hadi diski za zamani, kadi za kamera, madaftari, vipande vya magazeti, hata stakabadhi. Stakabadhi ya gesti ya Nansio yenye tarehe itakusaidia kuliko kumbukumbu za watu watatu.

Negativu zilizokaa kandokando ya Ziwa Victoria mara nyingi huwa na kuvu, madoa ya nyuzinyuzi yanayoonekana ukiinamisha filamu kwenye mwanga. Usizioshe kwa maji. Kuvu hula jelatini na kuilainisha, kwa hiyo maji yataondoka na picha yenyewe. Puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mpira, pitisha brashi laini iliyo kavu, kisha skani. Mkanda unaonuka siki umeanza kuoza wenyewe; utenge na mingine na uupe nafasi ya kwanza kwenye skana. Ukimaliza, weka negativu kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, ndani ya kopo linalofunga vizuri lenye pakiti za silika, mbali na ukuta wa nje na mbali na bati. Vile vifuko laini vya PVC vinavyonukia plastiki hunata kwenye filamu, viondoe.

Skani filamu ya milimita 35 kwa dpi 4000 (nukta kwa inchi), hifadhi kwa TIFF, faili la picha lisilopunguza ubora. Utapata takribani pikseli 5,670 kwa 3,780, zinazotosha hata chapa ya A3. Wenye shida ni wale waliohamia dijitali mapema. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilitoa pikseli 2,000 kwa 1,312, yaani sentimita 17 kwa 11 tu kwenye dpi 300. Kwa kitabu cha A5 inatosha, kwa kuwa picha inayojaza upana wa maandishi, kama milimita 118, inahitaji pikseli 1,400 hivi. Kwa kurasa mbili zilizofunguka haitoshi, na usimkubalie mpanga kurasa anayesema "tutaivuta". Picha ikivutwa, sura za watu ndizo huharibika kwanza.

Kama picha imebaki gazetini tu, ukiiskani itatoka na mawimbi, kwa sababu nukta za uchapaji zinagongana na nukta za skana. Piga picha kipande chote cha gazeti, kingo zake zikionekana, ukichapishe kama kipande cha gazeti. Msomaji ataelewa, na ukurasa utakuwa mkweli. Picha utakazoomba kwa wenzako zisije kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana hubanwa. Waambie watume kama dokumenti.

Tengeneza nakala tatu za kila kitu. Mbili kwenye diski tofauti, ya tatu ikae nje ya nyumba yako, na ikiwezekana nje ya mkoa. Kwa mtu aliyewahi kuudhi wakubwa, hili halihitaji maelezo.

Halafu fungua jedwali. Kila picha inayoweza kuingia kitabuni ipate mstari wake wenye namba ya fremu, tarehe, saa, mahali, waliomo, nani amethibitisha, haki ni ya nani, na hatari kwa waliomo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo huachwa wazi mara nyingi, na ndiyo itakayoamua kama kitabu kitatoka salama.

Kamera ina tarehe yake, daftari lina lake

Betri ndogo ya ndani ikifa, kamera hurudi tarehe ya kiwandani, na utakuta mwaka mzima wa kazi umeandikwa 1 Januari. Usisahihishe faili mojamoja kwa kukisia. Tafuta fremu moja ambayo saa yake unaijua bila shaka, piga hesabu ya tofauti, kisha uisogeze seti nzima kwa tofauti hiyo. Kosa la pili ni la kwetu zaidi: daftari limeandikwa "saa 2 usiku" na faili linasema 20:14, halafu mhariri wa Dar au wa nje anasoma saa 2 kama saa nane ya usiku. Amua mapema kwamba ndani ya kitabu saa zote ni za Kiswahili zenye neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, na ndani ya jedwali zote ni za saa 24.

Ziwa lenyewe husaidia kuhakiki. Dagaa huvuliwa kwa taa, karabai zamani na sola siku hizi, katika siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika kwa sababu taa haivuti. Kama daftari linasema ulikuwa kwenye mtumbwi wa dagaa usiku wa mwezi mpevu, tarehe hiyo ina walakini. Kalenda za mwezi za miaka iliyopita zinapatikana mtandaoni, hakikisha. Matukio makubwa nayo ni vigingi vya kufungia mengine: MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili mwaka 1999, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara Alhamisi ya 20 Septemba 2018, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo picha ya kivuko cha hapo chenye foleni ya malori ni ya kabla ya hapo.

Maelezo ya picha yasiseme zaidi ya fremu. Kiwango cha chini cha sangara kisheria ni sentimita 50. Usiandike "sangara chini ya kiwango" kama kwenye picha hakuna rula wala kitu chenye urefu unaojulikana. Mtu wa kiwanda au wa uvuvi atalikamata kosa hilo siku ya kwanza, na baada ya hapo hakuna atakachokiamini.

Kuandika

Chagua kesi tano hadi saba. Usitafute zile zilizokupa tuzo. Tafuta zile ambazo una fremu, daftari na nyaraka zinazoshikana. Kila kesi sura moja, na kila sura ijibu maswali haya kwa mpangilio wowote: nilijuaje, nani hakutaka nijue, nilipataje kusimama pale nilipopigia picha, picha ipi haikuchapishwa na kwa nini, na kilichotokea baadaye kwa waliokuwemo. Swali la mwisho hupuuzwa kwa sababu linakulazimisha urudi. Rudi.

Utoto, masomo na kamera ya kwanza viingie katikati ya sura, pale vinapoeleza uamuzi fulani. Kurasa tatu nne kwa kitabu kizima zinatosha.

Tandaza kontakti mezani, andika ukiiangalia. Linganisha aya mbili hizi, zote za mfano tu. Ya kwanza: "Hali ilikuwa ya kutisha na nilijawa na huzuni kubwa nilipoona jinsi mazingira yalivyokuwa yakiharibiwa." Ya pili: "Kokoro lilivutwa na watu kumi na wanne. Ndani yake sato wa kiganja. Fremu ya 9 ina mikono tu, kwa sababu aliyenipeleka alinionya nisipige sura. Kwenye fremu ya 12 kuna mtumbwi wa injini nyuma yao, na namba ya ubavuni ndiyo niliyokwenda kuiulizia halmashauri Jumatatu." Ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakufika. Ya pili inamwonyesha msomaji mpiga picha anavyofikiri, na hicho ndicho alichokilipia.

Mazungumzo yenye alama za kunukuu yatoke kwenye daftari au kinasa sauti. Kama unakumbuka maana bila maneno, andika kwa kauli ya taarifa. Na usieleze mbinu ambayo watu wako bado wanaitumia: njia ya kuingilia mwaloni (wanaposhushia samaki) usiku, nani huacha geti wazi, simu inapofichwa. Ushujaa wako wa ukurasa mmoja unaweza kumfungia mwenzako kazi.

Kwa vipimo, A5 yenye herufi za pointi 11 hubeba maneno 280 hivi kwa ukurasa. Maneno 50,000 yatakupa kurasa kama 180 kabla ya picha. Picha 40 zinatosha. Ukishindwa kupunguza, tatizo liko kwenye sura, maana kuna sura haijui inasema nini.

Watu waliomo ndani ya picha

Aliyekubali picha mwaka 2009 alikubali gazeti la siku moja lililofungiwa maandazi kesho yake. Kitabu kinakaa, na vipande vyake vitazunguka mtandaoni. Omba upya, hasa kwa manusura, familia za marehemu, watu wenye ualbino, wajane waliotuhumiwa uchawi, na wote waliokuwa watoto wakati ule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo, kwa hiyo idhini iliyoandikwa inakulinda wewe pia.

Nenda mwenyewe, na picha iliyochapwa mkononi. Simu ina kioo kidogo, na mama mwenye umri hawezi kuamua kwa kioo hicho. Maneno yawe mepesi: "Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyekupiga picha hii hapa mwaloni, mwaka ule nyavu zilipochomwa. Naandika kitabu. Kitauzwa, na watu wa mbali watakiona. Nimekuja kukuuliza kama sura yako iwemo, au niiache, au niweke jina lingine. Ukikataa hakuna ubaya, na picha hii ni yako." Kisha nyamaza. Kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma au Kikerewe, nenda na mtu anayemwamini yeye, asiwe mtu wako. Akisema "nitamuuliza mwanangu", hilo ni jibu la leo. Rudi siku nyingine.

Ukificha sura, usidhani umemaliza. Mwanza mtu hutambulika kwa jiwe. Mawe ya Mabatini au Igogo yana umbo lake kila moja, na aliyezaliwa pale atakuambia nyumba iliyo chini yake ni ya nani. Angalia pia maandishi ya kanga, sare ya shule, jina na namba ubavuni mwa mtumbwi, kovu, baiskeli yenye rangi ya pekee. Njia bora ni kuchagua fremu nyingine. Ya pili ni kukata kingo. Ukungu wa vijiboksi juu ya uso ni wa mwisho, na ukiutumia ufunike kabisa, usiache umbo la taya. Kabla ya kutuma faili popote, futa taarifa za GPS zilizomo ndani yake.

Kwa watuhumiwa, tafuta mwisho wa kesi. Wapiga picha hupenda fremu ya pingu na kusahau kwamba miaka miwili baadaye mtu aliachiwa. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na ya Rufani zipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure. Zilizobaki ulizia masjala ya mahakama husika. Andika kesi ilipofikia, mpe mhusika nafasi ya kujibu, weka tarehe uliyomwandikia. Kisha mswada wote usomwe na wakili anayejua mambo ya kashfa, kabla ya kupangwa kurasa. Baada ya kupangwa kila badiliko lina gharama na kila mtu anakuwa na haraka.

Picha ni yako?

Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi iliyofanywa ukiwa mwajiriwa haki zake za kiuchumi kwa kawaida ni za mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Kukaa na negativu nyumbani hakukupi haki ya kuzichapa. Tafuta mkataba wako, kisha iandikie ofisi uliyofanyia kazi ukitaja fremu kwa namba, idadi ya nakala na lugha za toleo. Ombi la "picha zangu zote za zamani" huzungushwa ofisi hadi ofisi; ombi la fremu 17 hujibiwa. Kazi ulizofanya kwa kujitegemea soma barua pepe za wakati ule, maana mara nyingine uliuza matumizi ya mara moja na mara nyingine uliuza vyote. Mswada wako ukikamilika usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, iombe Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambako pia utapeleka nakala za kuhifadhiwa kisheria.

Kiwandani

Kurasa zikunjwe kwa mafungu ya 16: 192, 208, 224. Ukimpelekea mchapaji kurasa 197, utalipia kurasa tupu. Mpangilio unaofaa mfuko wa wengi ni maandishi kwenye karatasi ya gramu 80 na fungu moja la kurasa 16 za karatasi ya kung'aa ya gramu 130 katikati kwa picha. Ukitaka picha zitawanyike ndani ya maandishi, jua kwamba karatasi ya gramu 80 hunywa wino na vivuli huziba. Ngozi nyeusi iliyopigwa jioni itakuwa doa. Fungua vivuli kidogo kwenye faili kabla ya kulipeleka, na omba prufu (nakala ya majaribio) kwenye karatasi ileile ya kazi. Prufu ya kwenye kompyuta haina maana hapa. Faili liwe PDF ya kuchapia, milimita 3 za ziada kila ukingo.

Chini ya nakala 300 tumia uchapaji wa dijitali. Kuanzia 500 ofseti (uchapaji wa mabamba) huanza kulipa. Omba kitabu kishonwe kabla ya gundi. Gundi peke yake hulegea kwenye buti la gari juani, na kitabu cha picha hufunguliwa kwa nguvu kuliko riwaya.

Kutangaza

Anza miezi mitatu kabla, na anza na waliomo kitabuni. Wapelekee nakala zao kabla ya waandishi wa habari. Wao ndio watakaoulizwa na majirani kama ni kweli, na jibu lao litafika Ukerewe na Musoma kabla ya tangazo lolote.

Usizindue tarehe ya msiba. 21 Mei familia huwakumbuka watu wao waliozikwa Igoma. Kuweka meza ya mauzo siku hiyo ni aibu, hata kama kitabu kina sura nzima ya MV Bukoba. 3 Mei, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani, ni nzuri kwa sababu waandishi wanakusanyika na wanatafuta habari. 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, inafaa kwa shule na maktaba.

Redio ndiyo nguvu ya Kanda ya Ziwa, na redio haina picha. Ukienda Radio Free Africa au kituo kingine, usiseme "kama mnavyoona ukurasa wa 60". Andaa visa vitatu vya dakika nne nne, kila kimoja na sauti yake: injini ikizimwa, mnada wa alfajiri, mtu akikataa kupigwa picha. Kimoja kiishie pale ambapo msomaji itabidi anunue kitabu ajue mwisho. Televisheni wapelekee picha tano za mlalo, pikseli 1,920 kwa 1,080, zilizoandikwa maelezo na jina lako ndani ya faili.

Maonyesho madogo huuza kuliko hotuba. Chapa picha 20 za A3, zibandike kwenye ubao mwepesi, katikati ya kila picha iwe mita moja na nusu kutoka chini, maelezo kwa Kiswahili cha herufi kubwa. Mwaloni Kirumba panafaa asubuhi baada ya mnada, siyo wakati wa mnada. Ongea kwanza na uongozi wa soko na serikali ya mtaa. Kwa wanafunzi wa uandishi wa habari pale Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Malimbe, acha picha kubwa nyumbani na uende na kontakti: waonyeshe fremu 36 waambie wachague moja, kisha waeleze mhariri alichagua ipi. Watabishana saa nzima, na nusu yao watanunua.

Mtandaoni toa picha moja kwa wiki, ukubwa wa pikseli 1,200 upande mrefu, na aya moja ya kitabu. Usimwage zote. Kila chapisho liishie na bei, lipa namba na namba ya WhatsApp ya oda, maana mtu akilazimika kuuliza bei, wengi huishia hapo.

Bei ipigiwe hesabu kutoka mwisho. Tuseme uchapaji ni shilingi 8,000 kwa nakala na bei ni 20,000. Duka likitaka asilimia 35, unabaki na 13,000. Toa uchapaji, 5,000. Toa kifurushi na nakala za bure, unabaki na kidogo sana. Kwa hiyo uza nyingi kwa mkono wako, na dukani peleka chache kwa makubaliano ya maandishi yenye tarehe ya kuhesabu. Oda za mikoani zitoke na mabasi ya stendi ya Nyegezi au ya Nyamhongolo kutegemea uelekeo, kitabu kikiwa kwenye nailoni kwanza ndipo bahasha, na picha ya stakabadhi itumwe kwa mteja papo hapo.

Nakala moja ibaki mezani kwako kwa masahihisho. Watu watapiga simu: jina la mwalo limekosewa, marehemu alikuwa mdogo wake si kaka yake. Andika kosa hilo pembeni ya ukurasa wenyewe pamoja na jina la aliyesema, hakiki, kisha chapa kijikaratasi cha masahihisho ukiingize kwenye nakala ambazo hazijauzwa na zile za maktaba. Toleo la pili likija, sahihisha faili la kitabu kwanza, ndipo ufikirie sura mpya.